Shajara ya mradi: kadi za sehemu za uzazi za maua, pamoja na makosa yangu yote

12 Januari: naanza, na lebo zinaharibika siku ya kwanza

Naandika hizi ili mtu akitaka kufanya kazi kama hii asirudie ujinga nilioufanya mi, na akiona nimekosea kwingine anisahihishe. Wazo lenyewe dogo tu: kadi ngumu 20, kila kadi ina ua moja la kweli, limepasuliwa, limekaushwa, limebandikwa, na kila sehemu ya uzazi ina lebo ya Kiswahili. Sio mchoro. Michoro nimechoka nayo, kila mahali ni lilelile ua la kubuni lenye petali tano safi na kila kitu kimekaa mahali pake kama wanafunzi mstarini, afu ukishika ua halisi mkononi hujui hata uanzie wapi.

Hatua ya kwanza ilikua orodha ya maneno. Kwa uvivu nikachukua orodha ya Kiingereza nikaipitisha kwenye programu ya kutafsiri, na usiku huohuo nikaprinti lebo zote. Asubuhi nasoma nikiwa na akili timamu: "Unyanyapaa wa ua hupokea chavua." Unyanyapaa! Kiingereza kilikua "stigma", programu ikachukua ile maana ya kutengwa na watu, na "style" ikaifanya mtindo. Mstari wa chini yake: "Mtindo huunganisha unyanyapaa na ovari." Yaani ua limetengwa na jamii na bado linajali mtindo. Nilicheka mpaka nikakumbuka stika zimeisha.

Kwenye gharama sitahesabu hela, nitahesabu vilivyoharibika na muda, maana hivo ndo vinauma. Leo: karatasi 2 za stika na usiku mmoja.

15 Januari: maneno yanarudi mezani

Nimeanza upya, neno moja moja kwa mkono. Nilipofuata asili ya maneno ndo yakaanza kunikaa kichwani. Stameni kwa Kilatini ni uzi, ule wa mtande kwenye kufuma, na ukiangalia ndani ya ua la lili ni nyuzi kweli zimesimama. Stigma kwa Kigiriki ni alama ya kuchoma. Kapeli inatokana na neno la Kigiriki la tunda. Pistili ni mchi, mchi wa kutwangia kabisa, waliangalia umbo lake.

Hapo kwenye mchi nikasisimka, nikataka kuandika "mchi" kwenye kadi zote, Kiswahili safi, nani asiyeujua mchi. Nikamtumia mwalimu mmoja mstaafu wa baiolojia ambaye huwa namsumbua sana. Shikamoo kwanza, afu swali. Akajibu: "Marahaba. Sasa kijana wangu, pistili ni sehemu ya kike. Kwa Kiswahili chetu kwenye kinu na mchi, nani mke nani mume?" Nikafuta.

Mbelewele nalo nililipenda ila nimeliacha, maana wengine wanalitumia kwa chavua, ule unga wenyewe, na wengine kwa kile kinachobeba unga, na mradi mzima huu ni wa kuondoa mkanganyiko sio kuuongeza. Kwa hiyo nimefunga hivi, anayetaka anakili: stameni ndo sehemu ya kiume, ina uzi wake (filamenti) na juu yake antha, yaani kifuko cha chavua. Pistili ndo sehemu ya kike, juu stigma inayopokea chavua, katikati staili, chini ovari, na ndani ya ovari kuna ovuli, zile zitakazokua mbegu. Pistili inaweza kua kapeli moja au kapeli kadhaa zilizoungana. Nje ya hizo kuna petali, na nje zaidi sepali zilizofunika ua lilipokua tumba. Vyote vimekaa kwenye kitako cha ua, na kitako kiko juu ya kikonyo.

Ukisoma haraka unaona rahisi. Mi pia niliona rahisi.

19 Januari: haibiskasi, maua manne

Lili nimemaliza jana kwa dakika 40, stameni 6, stigma yenye pande tatu, ovari ukiikata kwa upana unaona vyumba vitatu, yaani kapeli tatu, kila kitu kiko wazi. Nikajiona fundi. Leo nikachukua haibiskasi kwa sababu ni kubwa, nikadhani kubwa ndo rahisi.

Katikati ya haibiskasi kuna mnara mrefu umechomoza nje, pembeni una vifuko vingi vya chavua na kileleni una vidoti vitano. Nikauandikia mnara wote "staili", si ndo kile kirefu cha katikati? Kumbe mnara ule ni nyuzi za stameni zimeungana zikawa bomba, na staili inapita NDANI ya bomba kama waya ndani ya mrija, inatokea juu kabisa na kugawanyika matawi matano yenye stigma. Nilijua kwa kuharibu. Ua la kwanza nilivuta mnara ukang'oka pamoja na petali zote, maana bomba limeshikana na petali kule chini, staili ikakatika. La pili nilikata kwa upana na wembe wa zamani, nikapata uji. La tatu nilikata kwa urefu kuanzia juu, nikaipasua na staili yenyewe vipande viwili.

La nne ndo likakubali. Njia: anza chini sio juu. Toa sepali, tafuta ovari (ile goroli ya kijani), afu kwa ncha ya wembe MPYA kata ukuta wa bomba tu, upande mmoja, panda nao taratibu mpaka juu, ufungue kwa sindano kama unafungua zipu. Staili inabaki imesimama peke yake. Weka karatasi nyeusi chini maana staili ni nyeupe na kwenye sahani nyeupe huioni. Lenzi ya mkono ya mara 10 inatosha, na chavua za haibiskasi ni kubwa kiasi kwamba kwa lenzi hiyo unaziona punje moja moja.

Kuanzia leo nimejiwekea sheria, lebo haiandikwi mpaka ua likatwe. Nimeshatupa lebo 11 zilizoandikwa kwa kuangalia juujuu.

Gharama: maua 3, nyembe 2, saa nne.

27 Januari: ukungu

Nilibana maua kwenye magazeti, juu nikapanga vitabu, nikasahau siku sita. Nilipofungua, lili ilikua kahawia kama majani ya chai yaliyotumika na haibiskasi imeota ukungu mweupe kwenye ovari. Ua lenyewe jembamba linakauka haraka ila ovari ni nene na imejaa maji, kwa hiyo inaoza wakati petali zimeshakauka zamani.

Nilivyorekebisha: ovari usiibane nzima. Ikate kipande chembamba kwa urefu na kingine kwa upana, hivo viwili tu ndo vinakwenda kwenye magazeti, na kwa kweli vinaonyesha zaidi kuliko ovari nzima kwa sababu ovuli zinaonekana zilivyojipanga. Magazeti badilisha asubuhi na jioni siku tatu za mwanzo, baada ya hapo mara moja kwa siku. Jaribio la pili limetoka na rangi yake, sio yote lakini inatosha.

Na selotepu usitumie. Inavuta chavua yote kutoka kwenye antha, ikikaa inakua ya njano, na ukitaka kuitoa inatoka na nusu ya ua. Kata vipande vyembamba vya karatasi kama mkanda, pitisha juu ya uzi wa stameni, paka gundi kwenye ncha mbili tu za mkanda. Ua lenyewe haliguswi na gundi.

Nilijaribu pia kuweka maua kwenye chupa ndogo ya spiriti ili yabaki na umbo. Umbo linabaki vizuri sana. Rangi yote inahamia kwenye spiriti, baada ya siku mbili una ua jeupe kwenye maji ya rangi.

3 Februari: kunde na boga

Kunde ilinipotezea saa nzima kwa kitu cha kijinga. Ua la kunde limefunga sehemu zake za uzazi ndani ya petali mbili za chini zilizoungana kama mtumbwi, ukiufungua mtumbwi unakuta stameni. Nikahesabu 9. Nimesoma zinatakiwa 10. Ua la pili, 9. La tatu, 9, nikaanza kupiga magoti kutafuta sakafuni nikidhani naziangusha. Kumbe 9 zimeungana chini na ya 10 iko peke yake upande wa juu, imelala juu ya ovari imetulia, na mi nilikua naitupa kila mara pamoja na petali ya juu. Kwa hiyo kunde toa petali moja moja ukiangalia kila inayotoka. Carl Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, alipopanga mimea kwenye madaraja 24 mwaka 1735 alitumia sana hesabu ya stameni na zilivyoungana, na mwanzo nilimwona mtu wa ajabu, sasa hivi namwelewa, ukikosea stameni moja umehama daraja.

Boga ni hadithi nyingine. Nilichukua maua matatu, yote makubwa ya njano, nikayakata, hamna ovari. Nikadhani nimeiharibu kama kawaida yangu. Ila yote matatu yalikua madume! Maboga yana ua dume na ua jike mbalimbali kwenye mmea mmoja, na ukishajua huhitaji hata wembe: ua jike lina kiboga kidogo chini ya petali, dume lina kikonyo kirefu chembamba tu. Kile kiboga ndo ovari, na angalia iko CHINI ya petali, tofauti na haibiskasi ambayo ovari iko juu ya pale petali zinapoanzia. Hii nimeiandika kwenye kadi kwa herufi kubwa, ovari ya juu na ovari ya chini, maana huo ni ufunguo wa kutambua familia nyingi za mimea. Na antha za boga dume zimeshikamana zinaonekana kama kitu kimoja kilichopinda pinda, nilishaiandikia "stigma". Stika nyingine hiyo.

Hapa kuna msamiati niliofurahia kuliko wote. Wataalamu wa mimea wanatumia neno la Kigiriki la nyumba. Stameni zote za ua kwa pamoja jina lake maana yake ni nyumba ya wanaume, kapeli zote kwa pamoja ni nyumba ya wanawake. Mmea kama boga wenye maua dume na maua jike kwenye shina moja unaitwa wa nyumba moja. Mmea ambao dume ni shina lake na jike ni shina lake, kama mtende, ni wa nyumba mbili. Kwa Kiswahili inakaa vizuri hata kuliko Kigiriki chenyewe, nimeandika hivohivo kwenye kadi, "nyumba moja" na "nyumba mbili". Mpapai unanisumbua, kuna shina dume, kuna shina jike, na kuna shina lenye maua ya jinsia mbili. Nimeuacha wa mwisho.

11 Februari: hindi, au kwa nini ndevu zina maana

Mahindi ni nyumba moja pia, dume liko juu kileleni kwenye kile kishada, jike liko pembeni ya shina kwenye hindi lenyewe. Kupasua ni rahisi, hamna petali za kukusumbua. Kazi ilikua kwenye ndevu.

Kila unywele wa ndevu za hindi ni staili pamoja na stigma yake, na kila mmoja umeshikana na ovari MOJA, na ovari hiyo ndo itakua punje moja. Nilitaka kulionyesha hili, kwa hiyo nikamenya hindi changa, nikajaribu kutoa unywele mmoja mpaka kwenye punje yake bila kukata. Nimekata 14. Zinakatika palepale zinapoingia kwenye punje. Nilichofanya mwishoni ni kulowanisha hindi zima maji dakika kumi, kuanza na nywele za chini ya gunzi (za chini ndo ndefu na zinatangulia kutoka), na kukata punje pamoja na kipande cha gunzi badala ya kuvuta. Sasa kadi ina punje tano changa kila moja na unywele wake, nadhani ndo kadi nzuri kuliko zote.

Ndo maana hindi likikosa chavua vizuri linatoka na mapengo kama mdomo wa babu, kila pengo ni unywele ambao haukupata chavua. Rudolf Jakob Camerarius, mtaalamu wa mimea Mjerumani, mwaka 1694 alifanya kitu kama hicho makusudi, aliondoa ndevu za mahindi, na kwenye mnyonyo akaondoa maua dume, mbegu hazikutokea. Watu wengi wakati ule walikua hawaamini kama mimea ina ume na uke. Mkasi tu na subira.

20 Februari: ua ni lipi hasa?

Wiki mbaya. Kadi mbili nzima zimetupwa.

Bogenvilia: niliandika "petali 3, rangi ya zambarau". Sio petali. Ni majani yaliyobadilika rangi, tunaita braktea, na ua lenyewe ni kale kamrija kembamba kalikoshikana na kila braktea. Ukitaka kuhakikisha chana kamrija kwa sindano, ndani utakuta stameni na pistili ndogo. Petali wala haimo. Nikiwa na hasira za kutafuta neno la braktea nikakumbuka Kiswahili kina karara, lile ganda linalofunika upunga wa mnazi kabla haujafunguka, na hiyo ni braktea kabisa, tena kubwa. Nilitaka kuita zote karara ila karara mtu akisikia anaona mnazi, hatokubali kwamba na hiki kikaratasi cha zambarau ni karara. Nimeandika braktea na chini kwa herufi ndogo "kama karara ya mnazi".

Alizeti: niliandika "ua 1". Ni mamia ya maua. Kila kijimrija cha katikati ni ua la jinsia mbili lenye ovari yake, antha zimeungana zikawa bomba na staili inapanda katikati ikisukuma chavua nje. Zile za pembeni za njano tunazoita petali kila moja nayo ni ua, kwa kawaida tasa, kazi yake kuita wadudu. Ukitaka kufanya kadi hii chukua alizeti iliyofunguka nusu, maana maua yanafunguka kuanzia pembeni kwenda katikati, kwa hiyo kwenye kichwa kimoja unapata tumba, ua linalotoa chavua, na ua ambalo stigma imeshajikunja, yote kwa mkato mmoja.

Hapohapo kwenye kadi ya alizeti nimejikamata nikitumia "ua kamili" kwa mambo mawili. Sehemu moja nimeandika ua kamili nikimaanisha lina makundi yote manne, sepali petali stameni pistili. Sehemu nyingine nikimaanisha lina dume na jike. Sio kitu kimoja, ua la mpunga lina stameni na pistili lakini petali za kueleweka halina. Nimerekebisha kadi zote: kamili ni lenye makundi manne, na lenye dume na jike ni "ua la jinsia mbili". Nilifikiria huntha ila mwalimu kasema watu wanalijua kwa binadamu na wengine wanalitumia kutukana, tuliache.

2 Machi: chavua kwenye sukari

Hii haikua kwenye mpango. Ila kadi moja ilikua na kichwa "uchavushaji au utungisho" kana kwamba ni kitu kimoja, mwalimu akaizungushia duara bila kusema neno. Uchavushaji ni chavua kufika kwenye stigma, basi. Utungisho ni mbegu ya kiume kuungana na yai ndani ya ovuli, na kati ya hayo mawili kuna safari, punje ya chavua inaota mrija unaopenya staili mpaka chini. Kwenye hindi mrija huo unasafiri unywele mzima, inaweza kuchukua kama siku nzima. Na ua linaweza kuchavushwa vizuri na utungisho usitokee kabisa.

Nikataka kuuona mrija. Nimeazima hadubini. Mara ya kwanza nikaweka chavua kwenye tone la maji ya kawaida, nikaangalia, zinavimba na kupasuka moja baada ya nyingine kama bisi. Maji matupu yanaingia ndani kwa nguvu mno. Mara ya pili nikaweka sukari kwa kukadiria, nzito kama asali, hamna kilichotokea. Mara ya tatu nikapima: gramu 10 za sukari, maji mpaka yafike mililita 100, na chembe ndogo sana ya asidi boriki kama wanavyofanya maabara. Chavua nikachukua ya ua la jenasi Impatiens lililofunguka asubuhi hiyohiyo, maana ya jana ilikataa. Ndani ya nusu saa mirija imetoka, inajikunja kama mizizi. Niliita watu wote ndani ya nyumba.

Kinachotokea mwisho wa mrija sikioni kwa vifaa vyangu ila nimekiandika nyuma ya kadi: mrija unaleta mbegu mbili za kiume, moja inaungana na yai inakua zigoti kisha kiinitete, ya pili inaungana na nyuklia mbili za katikati inatengeneza endospermu, chakula cha kiinitete. Utungisho mara mbili. Sergei Navashin, mtaalamu wa mimea wa Urusi, ndo alieleza hili mwaka 1898 kwa kuchunguza lili na jamaa zake. Picha za mirija nimepiga kwa simu kupitia lenzi ya hadubini, 60 hivi, 4 zinafaa.

10 Machi: parachichi kanidanganya

Asubuhi nilichuma maua ya parachichi, yakawa na stigma nyeupe safi na stameni zimelala chali. Nikaandika "ua jike". Mchana wa siku nyingine nikachuma mti uleule, stameni 9 zimesimama na antha zimefunguka. Nikaandika "ua dume", nikaweka "nyumba moja", nikafunga kadi. Mwalimu kaniambia tu, "Funga uzi kwenye ua moja usubiri."

Nikafunga uzi mwekundu kwenye kikonyo cha ua moja, saa tatu asubuhi. Saa hiyo stigma iko tayari. Kufika mchana likajifunga. Kesho yake mchana likafunguka tena, UA LILELILE, safari hii stameni zimesimama linatoa chavua. Ni ua la jinsia mbili, ila linafunguka mara mbili, kwanza kama jike na baadae kama dume, ili lisijichavushe kirahisi. Kuna miti ya kundi jingine inayofanya kinyume, jike mchana na dume asubuhi ya kesho yake, ndo maana watu wanachanganya aina mbili shambani.

Kwa hiyo sheria yangu ya "kata kwanza" haikutosha hapa, nilikata vizuri tu na bado nikakosea. Nimeongeza kwenye kila kadi saa ya kuchuma. Gharama: kadi 1, na siku mbili za kukaa chini ya mti na watu wakiniuliza nasubiri nini.

19 Machi: matunda, kwa kifupi

Nimeongeza kadi tatu za baada ya utungisho. Ovari inakua tunda, ovuli inakua mbegu, hapo hakuna shida mpaka ufike kwenye stroberi na korosho. Kwenye stroberi ile nyama nyekundu ni kitako cha ua kilichovimba, na vile vidoti tunavyoita mbegu kila kimoja ni tunda lenye mbegu ndani. Kwenye korosho bibo ni kikonyo kilichovimba, tunda la kweli ni lile lenye ganda gumu linaloning'inia chini. Na punje ya hindi ni tunda pia, ukuta wa ovari umegandamana na ganda la mbegu. Nimeita bibo na stroberi "tunda bandia".

Kwenye kadi ya mnazi sikuhitaji kubuni neno hata moja, kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi, ovari moja ina majina matano kulingana na umri wake. Najiuliza kwa nini stigma tulishindwa.

28 Machi: wasio na maua

Nilitaka kadi ya kangaga na ya msonobari kwa kulinganisha. Kangaga haina ua wala mbegu, nyuma ya jani kuna madoa ya kahawia, ni vifuko vya spora, chembe ndogo za kuzaliana. Spora inaota kijimea kidogo bapa, na kwenye hicho ndo kuna viungo vya uzazi, cha kiume kinaitwa antheridia na cha kike arkegonia. Bila shaka nilishaandika "antha" kwenye kangaga kwa sababu majina yanafanana. Antha inatoa chavua, antheridia inatoa mbegu za kiume zinazoogelea kwenye maji, usichanganye. Linnaeus aliwaweka hawa kwenye daraja la 24 na jina lake maana yake ndoa ya siri, na kwa lenzi yangu ya mara 10 bado ni siri, sijaona kitu.

Msonobari: koni dume ndogo zinatoa chavua kama moshi, koni jike ndo lile gumu. Ng'oa gamba moja la koni jike, juu yake utakuta ovuli mbili ziko wazi kabisa, hamna ovari ya kuzifunika. Dakika tano imeisha.

6 Aprili: tafuta na badilisha

Kabla ya kuprinti lebo za mwisho nikaona kwenye faili nimeandika "ua" sehemu nyingi zilizotakiwa "maua". Nikatumia kitufe cha kutafuta na kubadilisha, "ua" iwe "maua", yote kwa mpigo, nikahifadhi, nikafunga kompyuta. Mnaona inakoelekea. Chavua imekua chavmaua. Kutambua imekua kutambmaua. Kupasua, kupasmaua. Hata "maua" zilizokua sahihi zimekua "mamaua". Faili la zamani sikua nalo. Nimesoma mistari 312 mmoja mmoja, jioni tatu. Ukitumia kitufe hicho weka alama ya neno zima, na nakala ya faili weka pembeni kabla hujagusa.

Afu nikampa mpwa wangu wa miaka 12 kadi 18 zilizokamilika, bila maelezo, nikamuuliza maswali. Stameni na stigma alipata karibu zote. Ovari na ovuli akachanganya kwenye kadi 7, nikamwambia ovari ni nyumba, ovuli ni wapangaji. Akaniangalia. "Anko, sa si useme nyumba na wapangaji, kuliko kuandika maneno mawili yanayofanana?" Sikua na jibu la maana. Nimezungushia ovari uzi mwekundu kwenye kila kadi na ovuli nimeziwekea kidoti cha njano, raundi ya pili alikosea kadi moja tu, ya alizeti.

14 Aprili: zilizobaki

Kadi ya 19 ni okidi ya vanila na ua sijapata bado, linafunguka asubuhi moja tu na linafifia siku hiyohiyo. Naitaka kwa sababu stameni na pistili zimeungana zikawa nguzo moja, na kati ya antha na stigma kuna kiulimi kinachozuia chavua isipite. Edmond Albius alikua mtoto wa miaka 12, mtumwa kisiwani Réunion kwenye Bahari ya Hindi, mwaka 1841 alipokiinua kiulimi hicho kwa kijiti na kubonyeza chavua kwenye stigma kwa kidole gumba, na vanila inachavushwa kwa mkono hivohivo mpaka leo.

Kadi ya 20 ni mpapai. Dume nimebana, la jinsia mbili nimebana, ovari ya jike nimekata vipande viwili vyembamba jana jioni na tayari magazeti yamelowa. Nabadilisha tena asubuhi.